Mwenye Heri Isidore Bakanja, Mutumikaji Aliyemutii Mungu

Katika sikukuu hii ya yubilei, parokia yetu ya Kapata inahesabu miaka yake na kumushukuru Mungu. Ni desturi njema kuwakumbuka mapadri waliotuletea Neno, masista waliotunza wagonjwa na watoto wetu, na wazee makatekista waliotutangulia. Mimi nimeombwa kuandika juu ya maisha ya mushuhuda mumoja wa imani, nami nimemuchagua mutu asiyekuwa padri wala mwalimu. Alikuwa kijana mutumikaji, musaidizi wa mafundi wa matofali, kiisha boyi wa nyumbani. Jina lake Isidore Bakanja. Nimemuchagua kwa sababu sisi wa Kapata ni watoto na wajukuu wa watumikaji. Swali lililomufikia yeye kazini linatufikia sisi vilevile: mutu amutii nani, siku ile mukubwa wake anapoamuru neno moja na Mungu anaamuru lingine?

Kuzaliwa kwake na nyakati zake

Bakanja alizaliwa Bokendela, katika inchi ya Equateur, kati ya mwaka 1880 na 1890. Wazazi wake walikuwa watu wa Boangi, katika jamii kubwa ya Wamongo. Zilikuwa nyakati za uchungu. Kongo ilikuwa mali ya Leopold wa Pili, mufalme wa Wabelgiji, na kompani za biashara zilitafuta mpira na pembe za tembo katika kila pori. Kijiji kilichokosa kutimiza kipimo cha mpira kiliadhibiwa. Wanaume walipigwa fimbo, wanawake walifungwa mpaka waume wao walete kilichodaiwa. Ilikuwa tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1908 tu ndipo inchi ilipotoka katika mikono ya mufalme na kuwa koloni ya Ubelgiji. Lakini fimbo haikutoka siku ile.

Kijana Bakanja aliacha kijiji chake kutafuta kazi, kama wazee wetu walivyoacha vijiji vyao kuja huku kwenye shaba. Alifika upande wa Mbandaka, akatumika pamoja na mafundi wa kujenga nyumba. Huko ndiko aliposikia habari za Yezu Kristu. Watawa Watrapisti, waliotoka monasteri ya Westmalle katika Ubelgiji, walikuwa wamefika Equateur mwaka 1895. Bakanja alisikiliza mafundisho yao, akaitika kwa moyo wote. Tarehe 6 mwezi wa tano mwaka 1906 alipokea ubatizo pale Bolokwa-Nsimba. Mwaka uleule alipewa Kipaimara, na mwaka uliofuata akapokea Komunyo ya kwanza. Tukumbuke kwamba mwaka ule wa 1906 ndio mwaka Union Minière ilipoanzishwa, ile kompani iliyowaita wazee wetu Katanga. Wao na yeye ni watu wa kizazi kimoja na wa jasho moja.

Siku ya ubatizo wake alipewa rozari na skapulari ya Mulima Karmeli. Skapulari ni vipande viwili vidogo vya nguo vilivyounganishwa kwa kamba. Kimoja kinalala juu ya kifua, kingine juu ya mugongo. Mapadri walifundisha wakristu wapya kuivaa, kusudi wajulikane kuwa watu wa Kristu na watoto wa Bikira Maria. Bakanja aliivaa hadharani. Hakuificha chini ya nguo zake, wala hakuivua alipokuwa mbele ya wakubwa.

Pale Ikili

Kazi yake ya ujenzi ilipokwisha, Bakanja alirudi nyumbani. Kiisha akaondoka tena, akaingia katika kazi ya kompani ya biashara iliyoitwa SAB. Alikuwa boyi wa muzungu mumoja, Reynders, na alipohamishwa bwana wake, naye alimufuata mpaka Ikili. Pale mukubwa wa shamba la mpira alikuwa Van Cauter.

Van Cauter aliichukia dini ya Wakatoliki. Mawakala wengi wa kompani walikuwa na hofu hiyohiyo: mapadri waliona matendo yao na kuyaandika, na mutumikaji aliyejifunza kwamba yeye pia ni mutoto wa Mungu si rahisi kumufanya nyama wa kazi. Na Bakanja hakunyamaza. Saa za kazi alitumika vizuri. Saa za kupumuzika alisali, tena alifundisha wenzake sala. Hakuwa na cheo cha katekista, lakini alifanya kazi ya katekista.

Mukubwa alimukataza kufundisha. Kiisha akamuamuru kuivua skapulari. Hapa ndugu zangu tuangalie vizuri. Kijana huyu alikuwa mutii. Hakumuibia bwana wake, hakukataa kazi, hakuwachochea wenzake kuleta fujo. Katika kila neno la haki alitii. Neno moja tu alilikataa, kwa sababu neno lile halikuwa la mukubwa wa kazi. Lilikuwa la Mungu peke yake. Alipigwa juu yake. Aliomba ruhusa ya kurudi kwao. Ruhusa ile alinyimwa.

Mwaka 1909 hasira ya Van Cauter ilifika mwisho wake. Aliing'oa skapulari kwenye shingo ya Bakanja, akaamuru apigwe. Fimbo ilikuwa ya ngozi ya tembo yenye misumari. Watumikaji wenzake Bakanja waliamriwa kumushika chini na kumupiga, nao kwa woga wakafanya vile. Alipigwa zaidi ya mara 100, mpaka mugongo wake wote ukafunguka. Kiisha alifungwa minyororo miguuni, akatupwa katika nyumba ya kukaushia mpira, pasipo dawa.

Baadaye habari ilifika kwamba mukaguzi wa kompani, Dörpinghaus, alikuwa njiani. Van Cauter akataka kumuondosha Bakanja mbali, kusudi vidonda vile visionekane. Lakini Bakanja, asiyeweza kusimama sawasawa, alijificha katika pori, na mukaguzi alipofika akajikokota mpaka mbele yake. Mukaguzi alishituka sana kuona mutu aliyeoza mugongo akiwa bado muzima. Akamuchukua, akamupeleka Busira atunzwe.

Kifo chake

Matunzo yalikuja wakati umekwisha kupita. Sumu ya vidonda ilikuwa imeingia mwilini. Katika miezi ile ya mateso, Bakanja aliomba neno moja kwa wote waliomutazama: wakionana na mama yake, ao na mwamuzi, ao na padri, wawaambie kwamba anakufa kwa sababu yeye ni mukristu. Hakuficha ukweli na hakuukuza.

Mwishoni mwa mwezi wa saba mapadri Watrapisti walifika kwake. Aliungama, akapokea Ekaristi na Mupako wa wagonjwa. Padri alimuuliza juu ya yule aliyemutesa, akamushauri asimuchukie. Bakanja alijibu kwamba hana chuki juu yake, kwamba amemusamehe, na kwamba akifika mbinguni atamuombea sana. Tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alikufa, rozari mikononi na skapulari shingoni. Mwaka 1917 mifupa yake ilihamishwa, ikawekwa Bokote. Tarehe 24 mwezi wa nne mwaka 1994, kule Roma, Papa Yohane Paulo wa Pili alimutangaza kuwa Mwenye Heri. Miaka tisa mbele ya hapo, tarehe 15 mwezi wa nane mwaka 1985, Papa huyohuyo alikuwa amemupa sifa ileile dada yetu Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964, naye pia akimusamehe muuaji wake.

Fundisho kwetu

Watu wengi wanafikiri kwamba kumutii Mungu ni kushika amri tu. Lakini tutazame pale Ikili. Wale walioshika mikono na miguu ya Bakanja walikuwa watii vilevile: walimutii mukubwa wao. Utii usiojua unamutii nani unaweza kushika fimbo. Utii wa Bakanja ulikuwa wa namna nyingine, kwa kuwa aliyemutii alimupenda, na aliyemupenda akaanza kufanana naye. Mungu anawapa jua na mvua watu wema na watu wabaya pamoja. Yezu aliwaombea waliomusulubisha. Bakanja, mukristu wa miaka mitatu tu, alifanya kama Baba yake wa mbinguni anavyofanya. Hiyo ndiyo maana ya mutoto: anafanana na baba.

Tuangalie tena kwamba musamaha wake haukuwa woga. Aliyesamehe ndiye aliyejikokota kutoka porini kuonyesha vidonda vyake. Kusamehe si kuficha. Alitaka ukweli ujulikane, na hakutaka mutu yule apotee.

Sisi wa Kolwezi tunapenda kujiona katika Bakanja, na kweli tumeteswa. Tulizika watu wetu katika vita ya mwaka 1978. Lakini ukweli unanilazimisha kusema neno lingine. Mwaka 1993, watu wa Kasai walipofukuzwa Katanga, mimi nilikuwa mutoto hapa. Jirani zetu, ambao tulikula nao chumvi moja, waliondoka na mizigo michache kwenda kungojea treni. Hakuna mutu wa nyumba yetu aliyewapiga. Hakuna aliyewatetea pia. Na meza yao ikaingia kwetu. Juu ya meza ile nilijifunza katekismu, na juu ya meza ile niliitayarisha kwa watoto wa wengine. Nilichelewa sana kuelewa kwamba katika habari ya Ikili mimi sikuwa Bakanja. Nilikuwa upande wa wale walioshika mikono yake.

Katika matayarisho ya yubilei hii nilimutafuta mutoto wa jamaa ile. Nilimuambia habari ya meza, nikaomba musamaha. Alinisamehe, na meza akaichukua. Niliona ni haki.

Ndugu wapenzi, yubilei katika Maandiko ni mwaka wa kurudisha: shamba linarudi kwa mwenyewe, na mufungwa anarudi kwao. Kila nyumba ya Kapata inajua meza yake. Mwenye kuombwa musamaha amukumbuke Bakanja na asamehe. Mwenye kupashwa kuuomba asingojee yubilei ingine.

Mwenye Heri Isidore Bakanja, mutumikaji mwaminifu, utuombee.