Mama Katharine Drexel, Mfadhili wa Chuo cha Xavier

Ni vema tumkumbuke bibi mmoja aliyetoa urithi wake ili wengine wapate elimu.

Katharine Drexel alizaliwa Philadelphia, nchi ya Marekani, mwaka 1858. Baba yake, Francis, alikuwa tajiri mwenye benki. Mama yake wa kambo aliwafungulia maskini mlango wa nyumba kila juma, akawasaidia. Naye mtoto akaona, akajifunza. Baba alipofariki mwaka 1885 aliacha wasia: binti zake watatu wale faida ya mali maisha yao, lakini mtaji wasiuguse. Wasipoacha watoto, mtaji huo uende kwa nyumba za huruma alizozitaja.

Mwaka 1887 Katharine alifika Roma, akamwomba Papa Leo XIII apeleke mapadre kwa wenyeji wa asili wa Marekani. Papa akamwuliza kwa nini asiende yeye mwenyewe. Neno hilo lilimchoma moyo. Mwaka 1891 akaweka nadhiri, akaanzisha shirika la masista wa kuwatumikia wenyeji hao na watu weusi.

Siku zile, huko kusini, watu weusi walifungiwa milango ya vyuo vya Wazungu, hata vile vya Kanisa. Basi mwaka 1915 Mama Katharine akanunua katika mji wa New Orleans majengo yaliyoachwa na chuo kingine, akafungua humo shule ya Xavier. Mwaka 1917 ikaanza kufundisha waalimu, na baadhi yao wakaenda katika shule ndogo za mashamba za Louisiana. Mwaka 1925 ukafunguliwa mlango wa elimu ya juu.

Alifariki tarehe 3 Machi 1955, mwenye umri wa miaka 96, bila mtoto. Papo hapo faida ile ikakoma, na mtaji ukaenda kwa nyumba zilizotajwa na baba yake. Shirika lake halikupata kitu, kwa kuwa wasia uliandikwa kabla halijazaliwa. Walakini Xavier haikufungwa. Hata leo ni chuo kikuu pekee cha Kikatoliki katika Marekani kilichoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Naye alitangazwa mtakatifu mwaka 2000.

Basi, wazazi, tusiseme kuwa paa la shule ni kazi ya misheni peke yake. Fedha ya mfadhili ina mwisho wake. Shule hudumu wenyewe wakiitunza kama mali yao.