Hans Wilsdorf, mfanyabiashara aliyelifungia vumbi mlango wa saa

Jina la Rolex halihitaji kuelezwa kwa wakaaji wa Goma, Bukavu, Bunia au Lubumbashi. Linaonekana kwenye meza za wachuuzi sokoni, mara nyingi juu ya saa za bandia za bei ya chini. Ukivuka mpaka kuingia Uganda, utaambiwa Rolex ni chapati iliyokunjwa pamoja na mayai. Lakini nyuma ya jina hilo kuna mtu: Hans Wilsdorf, aliyefariki zaidi ya miaka 60 iliyopita.

Wilsdorf hakuwa fundi wa saa. Alikuwa mfanyabiashara. Hata hivyo, alitumia zaidi ya miaka 20 ya maisha yake akitafuta jibu la swali ambalo kila fundi wa saa anayeketi kando ya barabara kwetu analijua vizuri: namna gani ya kulizuia vumbi lisiingie ndani ya saa?

Adui mdogo kuliko chembe ya unga

Ili kuelewa kazi yake, ni lazima kwanza kuelewa saa ya zamani, ile isiyotumia betri. Ndani yake kuna kamani, yaani springi iliyozungushwa na kukazwa. Kamani hiyo inapolegea polepole, inasukuma magurudumu madogo yenye meno, na magurudumu hayo yanaendesha mishale. Saa nyingi za aina hiyo hupiga mara 5 kwa sekunde moja. Hiyo ni mara 432.000 kwa siku, bila kupumzika.

Ncha za vyuma zinazobeba gurudumu linalopiga zina unene wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita. Zinazunguka juu ya tone dogo sana la mafuta. Vumbi likiingia, linachanganyika na mafuta hayo na kuwa kama msasa. Mafuta yanakuwa mazito, vyuma vinalika, saa inaanza kuchelewa, kisha siku moja inasimama.

Vumbi linapitia wapi? Kuna sehemu tatu: kioo cha mbele, kifuniko cha nyuma, na lile tundu la pembeni ambamo kunapita kifundo cha kutia saa ufunguo. Tundu hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu kifundo kilikuwa kinazungushwa kila siku. Kila asubuhi mwenye saa alilifungulia vumbi mlango bila kujua.

Yatima wa Kulmbach

Hans Wilsdorf alizaliwa tarehe 22 mwezi wa tatu mwaka wa 1881 huko Kulmbach, mji wa Bavaria, Ujerumani. Alikuwa bado mtoto wa miaka 12 wakati alipokuwa ameshawapoteza baba na mama. Yeye pamoja na ndugu zake waliachwa chini ya uangalizi wa jamaa, nao wakampeleka kusoma katika shule ya bweni mjini Coburg. Huko alijifunza lugha, na lugha ndizo zilimfungulia njia.

Alipomaliza masomo, alienda Geneva, Uswisi, kufanya kazi kwa mfanyabiashara wa lulu. Mwaka wa 1900 alihamia La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi ulioishi kwa kazi ya saa, akaajiriwa na kampuni iliyokuwa inauza saa nchi za nje. Kazi yake ilikuwa kuandika barua za Kiingereza. Pamoja na hayo, kila siku alitia ufunguo mamia ya saa za mfukoni na kuangalia kama zinaenda sawasawa. Kijana huyo akajua kwa mikono yake tofauti kati ya saa nzuri na saa mbaya.

London, na saa ambayo watu waliidharau

Mwaka wa 1903 Wilsdorf alienda London. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24, alifungua kampuni pamoja na Alfred Davis. Waliagiza mashine za saa kutoka kiwanda cha Aegler, mjini Bienne, Uswisi, wakazitia ndani ya makasha na kuziuza kwa wenye maduka. Mwaka wa 1908 aliandikisha jina Rolex: fupi, rahisi kulitamka katika lugha nyingi, na linaloenea vizuri juu ya uso wa saa.

Wakati huo mwanaume mwenye heshima alibeba saa mfukoni. Saa ya mkono ilionekana kuwa pambo la wanawake. Mafundi wengi waliamini kwamba haiwezi kamwe kuwa ya uhakika. Mashine yake ni ndogo mno, walisema, mkono unaitikisa siku nzima, na vumbi litaimaliza upesi. Saa ya mfukoni ililindwa na nguo. Ile ya mkono ilikutana na jasho, mvua na uchafu wote wa barabara.

Wilsdorf aliamua kuwajibu kwa vipimo. Mwaka wa 1910 saa yake moja ya mkono ilipata cheti cha usahihi mjini Bienne. Tarehe 15 mwezi wa saba mwaka wa 1914, kituo cha Kew huko Uingereza kiliipa saa yake nyingine cheti cha daraja la A, kisha kuipima siku 45, katika mikao 5 na joto la aina 3. Kabla ya hapo cheti hicho kilizoea kutolewa kwa saa kubwa zinazotumiwa na mabaharia.

Wiki chache baadaye Vita vya Kwanza vya Dunia vililipuka. Askari katika mahandaki walihitaji saa ya mkono, maana mikono yao ilikuwa na kazi nyingine. Dharau ikaisha. Lakini kwa Wilsdorf, mtu aliyezaliwa Ujerumani na kufanya biashara London, hiyo ilikuwa miaka migumu. Jina la Kijerumani lilichukiwa, na kampuni ikaanza kuitwa Rolex. Mwaka wa 1915 serikali ya Uingereza iliweka kodi ya asilimia 33 juu ya saa zinazoingizwa kutoka nje. Mwaka wa 1919 alihamishia makao yake Geneva, ambako alibaki hadi kifo chake.

Kufunga tundu

Vyeti alikuwa navyo. Lakini saa iliyopimwa ndani ya chumba safi si saa inayovaliwa barabarani. Cheti cha Kew hakina faida ikiwa baada ya miezi michache mafuta yamejaa vumbi.

Jaribio la kwanza, karibu mwaka wa 1922, lilikuwa kuitia saa nzima ndani ya kasha la pili lililofungwa kwa kuzungusha. Vumbi lilizuiwa kweli. Tatizo ni kwamba kila siku mwenye saa alipaswa kufungua kasha la nje ili atie ufunguo. Ukifungua mlango kila siku, kufuli ina maana gani?

Mwaka wa 1925 watu wawili wa Uswisi, Paul Perregaux na Georges Perret, waliomba hataza ya kifundo kinachojifunga kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Wilsdorf aliona mara moja thamani yake. Alinunua haki ya ubunifu huo, na mafundi wakaurekebisha. Mwaka wa 1926 akatoa saa ambayo kioo, kifuniko cha nyuma na kifundo vyote vimefungwa kabisa. Aliipa jina Oyster, kwa Kiswahili chaza, mnyama wa baharini anayefunga gamba lake kwa nguvu hata kulifungua ni kazi.

Si yeye aliyekuwa wa kwanza kutengeneza kasha la kufunga kwa skrubu. Wengine walitangulia tangu karne ya 19. Nguvu yake ilikuwa kuunganisha sehemu zote tatu, kisha kuwashawishi watu.

Na kushawishi alikujua. Tarehe 7 mwezi wa kumi mwaka wa 1927, Mercedes Gleitze, mwandishi wa ofisini kutoka London, alikuwa mwanamke wa kwanza Mwingereza kuogelea kutoka Ufaransa hadi Uingereza. Baada ya mwanamke mwingine kudai kwa uongo kwamba naye amevuka, watu walianza kumshuku hata Gleitze. Akarudi majini tarehe 21, akiwa na saa ya Oyster shingoni, ambayo Wilsdorf alimpa. Baridi ilikuwa kali, akatolewa majini baada ya zaidi ya saa 10 bila kufika. Lakini saa ilikuwa bado inaenda. Tarehe 24 mwezi wa kumi na moja, Wilsdorf alilipia ukurasa wa kwanza wa gazeti la Daily Mail. Maduka nayo yakaweka saa hizo dirishani, ndani ya vyombo vya maji vyenye samaki.

Kasoro iliyobaki

Pamoja na sifa zote hizo, mlango mmoja ulibaki: mwanadamu mwenyewe. Kila siku alipaswa kulegeza kifundo, kutia ufunguo na kukaza tena. Siku akisahau kukaza, maji na vumbi vinaingia kama zamani.

Fundi mmoja Mwingereza, John Harwood, alikuwa ameshaliona jambo hilo. Katika kutengeneza saa za watu, aligundua kwamba uchafu mwingi unapitia tundu la kifundo. Basi akaliondoa tundu lenyewe. Mwaka wa 1924 alipata hataza ya saa ya mkono inayojitia ufunguo kwa kizito kinachochezacheza ndani yake wakati mvaaji anatembea. Lakini kampuni yake haikuweza kupita mtikisiko mkubwa wa uchumi, ikafungwa mwaka wa 1931.

Mwaka huohuo Rolex ilitoa mfumo wake uitwao Perpetual, wenye kizito kinachozunguka mduara mzima. Kifundo hakikuhitaji tena kufunguliwa kila siku. Chaza akabaki amefunga kinywa. Miaka mingi ilipita mpaka kampuni ikamtendea Harwood haki: mwaka wa 1956, katika tangazo la gazeti, ilikubali hadharani kwamba alimtangulia.

Miaka ya mwisho

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wilsdorf alifanya jambo lililokumbukwa sana. Maafisa wa Uingereza waliotekwa na Wajerumani walikuwa wamenyang'anywa saa zao. Aliwaruhusu kuagiza saa mpya kutoka kambini na kulipa baada ya vita. Kwa mfungwa, kupewa mkopo wa namna hiyo kulikuwa sawa na kuambiwa kwamba vita vitaisha na atarudi nyumbani.

Mwaka wa 1944 mke wake, Florence, alifariki. Hawakuwa na watoto. Mwaka wa 1945 Wilsdorf aliunda shirika lenye jina lake na kuliachia kampuni. Mpaka leo ndilo linaloimiliki Rolex, na sehemu ya faida inaenda katika kazi za hisani.

Tarehe 23 mwezi wa kwanza mwaka wa 1960, chombo Trieste kilishuka hadi chini kabisa ya Bahari ya Pasifiki, karibu mita 10.900, kikiwa na saa ya Rolex iliyofungwa kwa nje. Ilitoka ikiwa bado inaenda. Miezi michache baadaye, tarehe 6 mwezi wa saba, Wilsdorf alifariki mjini Geneva akiwa na miaka 79.

Kwetu, kiangazi kinapofika na pikipiki za wanamoto zinarusha vumbi mpaka ndani ya nyumba, somo la maisha yake linabaki lilelile, hata kwa mwenye saa ya bei ndogo. Kaza kifundo kila mara. Usiitie saa ufunguo wala kufungua kifuniko chake penye upepo. Mpira mwembamba unaoziba kifuniko unakauka na miaka, kwa hiyo mwombe fundi aubadilishe anapoisafisha saa. Na ukimwona fundi huyo amefunika vipande vya saa kwa glasi iliyopinduliwa, usidhani anapoteza wakati. Anapigana vita ileile ya Wilsdorf.