Asiye na Mwana Aeleke Jiwe: Maisha ya Lord Egerton wa Ngata

Utangulizi

Asiye na mwana aeleke jiwe. Methali hii ina sura mbili. Wapo waitumiao kumwita kila mtu katika shughuli ya jamii, hata yule asiye na chake cha kubeba. Wapo pia waisikiao kama dhihaka kwa mtu aliyefikia utu uzima na mgongo wake bado mtupu. Makala haya yanasimulia maisha ya mtu ambaye, tukipenda kusema hivyo, aliieleka methali hii pamoja na jiwe lenyewe. Naye ni Maurice Egerton, mwenye kasri la mawe la Ngata, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ambaye jina lake limo katika vyeti vya maelfu ya wasomi wa nchi hii.

Egerton hakuoa wala hakuacha mtoto. Kila amtajaye huanza na jambo hilo, kisha hulitafutia sababu. Lengo letu ni kuyapitia maisha yake kwa mpangilio, na kuiuliza dini ya jadi ya watu wa Bonde la Ufa ingemtazamaje mtu wa namna hii. Msomaji ataona kwamba swali hili halimhusu marehemu peke yake.

Nasaba na Ujana

Maurice Egerton alizaliwa mwaka 1874 katika ukoo wa makabaila wa Kiingereza waliomiliki Tatton Park, karibu na mji mdogo wa Knutsford katika jimbo la Cheshire. Babake, Alan, alikuwa Baroni wa tatu wa Egerton wa Tatton. Kwa desturi ya watu wa tabaka hilo, kijana wa kiume alitarajiwa kujifunza mambo mawili: kuitunza ardhi na kumpata mke wa kumzalia mrithi. La kwanza Maurice alilitimiza kwa bidii. La pili hakulitimiza kamwe.

Mapenzi yake yalielekea kwenye mitambo na safari. Alikuwa miongoni mwa Waingereza wa mwanzo kabisa kumiliki motokaa, na wa mwanzo kabisa kuruka angani. Alifahamiana na ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliounda ndege. Mwaka 1910 alipata cheti cha urubani nambari 11 katika nchi yake. Aliwinda katika mabara kadhaa, akapiga picha na kukusanya pembe, ngozi, silaha na vyombo vya mataifa mbalimbali, hata akajenga ukumbi mzima huko Tatton wa kuvihifadhi. Mwaka 1920 babake alifariki, naye akawa Baroni wa nne. Alikuwa na umri wa miaka 46, bado mseja.

Kuja Njoro

Ardhi ya Njoro na Nakuru ambayo Egerton aliijia haikuwa tupu. Ilikuwa malisho ya Wamaasai hadi mkataba wa mwaka 1904 ulipowaondoa katika sehemu hii ya bonde na kuwapeleka Laikipia na kusini. Upande wa msitu wa Mau waliishi Waogiek, wafuga nyuki na wawindaji. Nyuma ya walowezi walikuja vibarua, wengi wao Wagikuyu na jamii za Kalenjin, walioishi katika mashamba hayo bila kuyamiliki. Lord Delamere, kabaila mwingine wa Cheshire, alikuwa amekwisha kutangulia Njoro. Egerton akamfuata katika miaka ya 1920, akapata shamba kubwa, akalima na kufuga.

Mwaka 1939 alitoa ekari 740 ili kuanzishwa shule ya kilimo. Tusifiche ukweli: shule hiyo ilikusudiwa vijana wa Kizungu, wana wa walowezi, ili ukoloni upate wakulima stadi. Mwafrika aliingia humo kama kibarua. Mnamo 1950 shule ilipanda daraja na kuwa chuo cha kilimo. Egerton aliongeza ardhi nyingine, zaidi ya ekari 1,000. Milango ilifunguliwa kwa watu wa rangi zote karibu na wakati ambao mfadhili mwenyewe alikuwa akiiaga dunia.

Kasri na Hadithi Yake

Mwaka 1938 ujenzi wa kasri ulianza. Vita Kuu ya Pili iliuchelewesha, na kazi haikukamilika hadi mwaka 1954. Ni jengo la vyumba 52, lenye ukumbi wa dansi, lililoishiwa na mtu mmoja na watumishi wake.

Hapo ndipo hadithi inapozaliwa. Wasimulizi husema kwamba Egerton alimpenda mwanamke wa ukoo bora wa Ulaya, akamjengea nyumba ya kwanza, naye akaidharau kuwa ni ndogo kama banda. Akajenga kasri, mwanamke akalikataa pia na kuolewa na mwingine. Tangu siku hiyo, yasemwa, mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga uwanja wa Ngata, wala kuku wala mbwa.

Ni hadithi tamu, na utamu wake ndio unaotufanya tusiihesabu. Ujenzi ulipoanza, Egerton alikuwa na umri wa miaka 64. Ulipokwisha alikuwa na miaka 80. Mzee wa miaka 64 anaweza kupenda, hilo halina ubishi. Lakini hadithi hii humchora kijana aliyejeruhiwa, ambaye maisha yake yote ni kovu la jeraha hilo. Je, miaka 64 iliyotangulia ilikuwa na maelezo gani? Mitambo, safari, mikusanyiko, mashamba: maisha yaliyojaa shughuli na yasiyoonyesha pengo alilolilia mwenyewe. Pengo limeonwa na watazamaji. Walimwona mtu bila mwanamke, wakambunia mwanamke wa kumkataa.

Makala haya hayampi marehemu jina lolote la leo. Moyo wake hauna shahidi. Yanachosema ni kwamba hadithi ya kasri haikuacha nafasi kwa jibu lililo jepesi kuliko yote: kwamba huenda hakutaka.

Dini ya Jadi na Mtu Asiyeoa

Sasa tuigeukie imani ya watu waliomzunguka, ambayo wamishonari wa zama zake waliiita upagani. John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba ndoa katika jamii hizi ni wajibu wa kidini. Mtu hufa mara ya kwanza mwili unapozikwa, na mara ya pili anapokosa wa kumkumbuka kwa jina. Asiyezaa huikata kamba inayowaunganisha waliotangulia na watakaokuja.

Wanandi na Wakipsigis walilithibitisha hilo mtoto alipozaliwa. Wanawake walitaja majina ya wahenga mmoja baada ya mwingine hadi mtoto akapiga chafya. Jina lililokuwa likitajwa wakati huo ndilo la mhenga aliyerejea. Wagikuyu nao humpa mzaliwa wa kwanza wa kiume jina la babu yake wa upande wa baba, na hivyo mzee hurudi kuitwa ua ni mwake. Kwa kipimo hiki mseja wa Ngata angeonekana amefanya kosa kubwa.

Hata hivyo, tusiharakishe hukumu. Dini hiyo hiyo iliijua thamani ya mwili uliotulia. Jomo Kenyatta, katika kitabu alichokitoa mwaka 1938, mwaka ule ule kasri lilipoanza kujengwa, alieleza jinsi wazee wa Kigikuyu walivyojitenga na wake zao kabla ya kutoa kafara chini ya mugumo. Walioshirikishwa katika ibada hiyo ni watoto ambao hawajabaleghe na mwanamke aliyekwisha kukoma uzazi. Yaani mbele ya Ngai walisogezwa wale ambao tamaa ya mwili haijawafikia, au imekwisha kuwapita, au imewekwa kando kwa hiari.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Miongoni mwa Wanandi na Wakipsigis, mwanamke aliyekosa mwana wa kiume aliweza kulipa mahari na kumwoa mwanamke mwingine. Tangu hapo alihesabiwa kuwa mume na baba wa watoto watakaozaliwa, nao walilirithi boma lake. Baina ya wawili hao hapakuwa na uhusiano wa kimwili, na huyo mume wa kike alitakiwa kuachana kabisa na mambo ya unyumba na wanaume. Hapa jamii ilikuwa imetenganisha mambo mawili ambayo sisi tumeyafunga pamoja: tamaa ya mwili na kuendelea kwa jina. Mtu aliweza kuishi bila la kwanza na bado akalitimiza la pili, kwa heshima, mbele ya wahenga na mbele ya wazee.

Ni kweli kwamba mfumo huu haukumwachia kila mtu uhuru. Mwanamke aliyeolewa humo hakuulizwa sana apendalo, na mwanamume asiyetaka kuoa hakuwa na mlango kama huo wa kupitia. Lakini swali ambalo mila ilimwuliza mtu lilikuwa bayana: ni nani atakayelitaja jina lako? Halikuwa: ni nani uliyemtamani? Hadithi ya kasri inauliza hilo la pili tu, nalo si swali la bonde hili. Ni swali la riwaya za mapenzi.

Upungufu wa Msamiati

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna sababu ya pekee ya kulitafakari jambo hili. Tukitaka kumtaja mtu kama Egerton, lugha yetu hutupa maneno gani? Kapera na mseja humweleza asiyeoa, bila kusema kwa nini. Mtawa ni yule aliyeweka nadhiri. Tasa na mgumba ni maneno ya huzuni kuhusu uzazi. Hanithi ni tusi. Neno mhuni, ambalo leo ni lawama tupu, katika matumizi ya zamani lilimtaja pia mtu asiyeoa, kana kwamba kukosa ndoa na kukosa adabu ni jambo moja.

Lakini wapo watu, nao wapo katika kila zama, wasiovutwa kimwili na mwanamume wala mwanamke, ambao hawakuumizwa na mtu, hawakuweka nadhiri, wala hawaugui. Huyo hana neno lake. Na pasipo neno huingia uvumi. Shangazi atasema amerogwa, jirani atasema ameachwa, mhubiri atasema ana pepo, na wengine watamtungia hadithi ya kasri. Anayefuata mila za wazee wake huumia zaidi, kwa kuwa huambiwa kwamba hata wahenga wamemkataa. Mifano tuliyoitaja inaonyesha kwamba wahenga walikuwa na akili pana kuliko wanavyosemewa.

Jina Lililobaki

Maurice Egerton alifariki nchini Kenya mwezi Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 83. Kwa kuwa hakuwa na mrithi, cheo cha Baroni Egerton wa Tatton kilikufa pamoja naye. Tatton Park ikapita mikononi mwa shirika la Uingereza la kuhifadhi urithi wa taifa. Kwa sheria ya ukoo wake, kamba ilikuwa imekatika.

Huku Njoro mambo yalikwenda vingine. Chuo kilipokea vijana wa Kiafrika, kikakua, kikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1986, na mwaka uliofuata kikawa chuo kikuu kamili. Wana wa wale waliohamishwa kutoka malisho hayo, na wana wa vibarua wa mashamba hayo, ndio walioketi madarasani na kuondoka na jina la Egerton katika shahada zao. Jina hilo halifuti dhuluma ya mwaka 1904, wala ekari zilizotolewa na mtu hazisemi zilichukuliwa kwa nani. Mhenga naye huweza kukumbukwa kwa jema na kwa deni.

Kasri ni mali ya chuo kikuu, na watu wa Nakuru hufungia harusi uwanjani pake. Maharusi hupiga picha mbele ya mawe ya mtu ambaye hakuwahi kuwa bwana harusi, huku mwongoza wageni akiwasimulia juu ya mwanamke aliyemkataa. Huenda siku moja mwongozaji ataongeza sentensi moja tu: kwamba huenda mzee huyu hakukataliwa na yeyote. Miongoni mwa wageni watakaokuwa wakimsikiliza hatakosekana kijana mmoja aliyechoka kuulizwa ataoa lini, ambaye sentensi hiyo itamfaa kuliko hadithi yote.