Félicité Niyitegeka: Mlinzi Asiye na Silaha
Félicité Niyitegeka, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa mtumishi mlei wa Kanisa Katoliki katika Kituo cha Mtakatifu Petro, mjini Gisenyi. Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipozuka Aprili 1994, yeye Mhutu aliwaficha waliowindwa, na wengine akawasaidia kuvuka mpaka hadi Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimsihi ajiokoe. Akamjibu kwa barua kwamba heri afe pamoja na wageni wake kuliko kuwatupa. Tarehe 21 Aprili aliuawa pamoja nao. Rwanda imemweka katika daraja la mashujaa wa Imena. Ndugu askari, kumlinda mnyonge ndiyo kazi tuliyoapia. Yeye aliitimiza bila kiapo wala bunduki.