Baden-Powell na Nyayo Zake

Maskauti kutoka pembe nyingi za dunia huzuru kaburi moja mjini Nyeri, ambalo ni miongoni mwa kumbukumbu za taifa letu. Jiwe lake limechongwa duara lenye nukta katikati. Mimi ni mtu wa isimu, na alama hiyo hunivutia, kwani kwa nukta moja tu husema kuwa aliyeiacha amekwenda nyumbani. Ni nani huyo aliyepata nyumbani kwake katika nchi yetu?

Robert Baden-Powell alizaliwa London mwaka 1857, akaingia jeshini akiwa na umri wa miaka 19. Mwaka 1896, katika vita vya Matabele, aliidhinisha Chifu Uwini, aliyekuwa mateka, auawe kwa kupigwa risasi. Sifa zake zilivuma alipoulinda mji wa Mafeking kwa siku 217, kuanzia 1899 hadi 1900. Uingereza ilishangilia, ilhali Waafrika wa mji huo ndio walioumwa na njaa kuliko wote. Humo humo wavulana walipewa kazi ya kupeleka ujumbe, naye akatambua kwamba kijana akiaminiwa hutenda makubwa. Mwaka 1907 aliwapigisha kambi wavulana wapatao 20 katika kisiwa cha Brownsea. Mwaka uliofuata kitabu chake kikatoka. Uskauti ulifika Kenya mwaka 1910. Yeye mwenyewe alihamia Nyeri mwaka 1938, akaishi katika nyumba ndogo iitwayo Paxtu hadi alipofariki tarehe 8 Januari 1941.

Nasi wa Gusii tuna mwaka wetu wa 1908. Kitabu hicho kilipokuwa kikichapwa, Otenyo alimchoma mkuki Northcote, ofisa wa Kiingereza, na jeshi likaja kuteketeza nyumba na kuteka mifugo.

Je, maskauti wa Kisii na Nyamira wavue skafu zao? Hasha! Uskauti umewafunza vijana wetu ukakamavu na kuwahudumia wengine, na faida hiyo ni yetu sasa. Ninalowaomba walimu ni kwamba, wanapowasimulia habari za Mafeking, wawasimulie pia habari za Uwini na Otenyo. Skauti hufundishwa kusoma nyayo, na msomaji mwema wa nyayo haruki hata mmoja.