Friedrich Miescher, Munganga wa Bandeji

Wakati wa Ebola, tangu Agosti 2018, watu wa Butembo na Beni walisikia neno labo kila siku. Damu imepelekwa labo, tungoje labo itasema nini. Kazi ile ina babu yake, na ni wachache wanaomjua.

Friedrich Miescher alizaliwa tarehe 13 Agosti 1844 mjini Basel, Uswisi. Baba yake alikuwa munganga na profesa. Naye akasomea uganga, akamaliza mwaka 1868. Lakini masikio yake hayakusikia vizuri, na munganga asiyesikia kifua cha mgonjwa atafanya nini? Akaenda Tübingen, Ujerumani, kwa profesa Hoppe-Seyler, kujifunza shimi ya mwili. Alifanya kazi ndani ya ngome ya zamani, katika chumba kilichokuwa jiko.

Alitaka kujua chembe za mwili zimeundwa na nini. Chembe nyingi atazipata wapi? Katika usaha! Basi akaomba hospitali impe bandeji za wenye vidonda. Zilizooza alizitupa, zingine akaziosha kwa maji ya chumvi, na chembe zikatoka bila kupasuka. Hapo ndipo kazi ya kutenga ilianza. Mafuta aliyaondoa kwa alkoli ya moto. Kwa kuondoa protini alichukua matumbo ya nguruwe, akapata humo pepsini, ile inayoyeyusha nyama tumboni. Vikabaki viini vya chembe. Akatia alkali, kitu fulani kikayeyuka. Akatia asidi, kikashuka chini, cheupe. Pepsini ilishindwa kukiyeyusha, tena kilikuwa na fosfori nyingi. Kumbe si protini! Ilikuwa mwaka 1869, naye ana miaka 24. Akakiita nukleini. Sisi tunasema ADN, wale wa bioshimi wanaijua.

Profesa wake hakuamini upesi. Alirudia kazi yote kwa mikono yake mwenyewe, ndiyo maana habari ilichapwa mwaka 1871 tu. Kungoja vile ni uchungu kwa kijana, lakini mimi naona mzee alifanya sawasawa.

Mwaka 1872 Miescher akawa profesa kwao Basel. Samaki aina ya samoni walikuwa wakipanda mto Rhine, akatumia mbegu zao za kiume, maana zimejaa kiini. Joto linaharibu nukleini, kwa hiyo alifanya kazi majira ya baridi, asubuhi na mapema, chumbani bila moto. Baadaye kifua kikuu kikamshika. Alikufa Davos tarehe 26 Agosti 1895, miaka 51. Alikuwa amejiuliza kama nukleini ina kazi katika uzazi, lakini akaona ni kitu chepesi mno kwa jambo kubwa vile. Mwaka 1944 tu Oswald Avery na wenzake, kule New York, walionyesha kwamba ndiyo inayobeba urithi.

Kutenga peke yake hakutoshi kama kitu chenyewe ni kidogo sana. Mwaka 1983 Mmarekani Kary Mullis alipata njia ya kukizidisha: joto la digrii 95 hivi linaachanisha nyuzi mbili za ADN, kisha kila uzi unajengewa mwenzake. Moja inakuwa mbili, mbili nne, nne nane. Ukirudia mara 30 unapita miliari moja.

Mashine za GeneXpert za Beni na Butembo zilifanya kazi hizo zote mbili, kutenga na kuzidisha, kwa muda usiozidi saa mbili. Virusi vya Ebola vina ARN, basi kwanza inageuzwa kuwa ADN. Watu walinung'unika kwamba mgonjwa alikutwa hana Ebola, na bado anashikwa siku mbili apimwe tena. Sababu ni hii: siku tatu za kwanza za homa virusi vinaweza kuwa vichache mno katika damu, hata mashine haivioni. Na homa ile mwanzoni inafanana kabisa na malaria. Kipimo cha pili ndicho kilichoonyesha nani arudi nyumbani na nani abaki.