Fred Bear, fundi wa pinde: jina linapandisha bei, lakini mbao ndiyo inasema kweli

Huku kwetu, tukisema upinde, kila mutu anafikiri muti mumoja uliopindwa na kufungwa kamba, kama ule Bambuti wa Ituri wanaingia nao porini. Kule Marekani kuko upinde wa namna ingine: ncha zake mbili zinageuka mbele, zinamupa mupigaji mugongo. Pinde za zamani za namna ile zinatafutwa leo sawa motokari za zamani, na jina linalotajwa sana katika biashara hiyo ni la Fred Bear. Tumeona vema kueleza maisha yake, juu mutu asiyeyajua anaweza kulipa bei kubwa kwa kitu kilichokwisha kuharibika.

Fred Bear alizaliwa tarehe 5 mwezi wa tatu 1902, kule Waynesboro, jimbo la Pennsylvania. Alipokuwa na miaka 21 alikwenda Detroit, muji wa motokari, akapata kazi kwenye kompani ya Packard. Kazi yake ilikuwa kuchonga mifano ya mbao, ile ambayo kiwanda kinafuata wakati wa kumimina chuma. Kazi ile haitaki haraka: kipimo kikikosea kidogo tu, chombo chote kinatupwa. Mukono ule wa kupima na kupima tena ndio alipeleka baadaye kwenye pinde.

Katika miaka ile ya 1920 aliona filimu ya Art Young, muwindaji aliyekwenda Alaska na upinde peke yake. Bear alishangaa sana. Akajuana na Young mwenyewe, na kwake akajifunza kuchonga pinde na mishale.

Mwaka wa 1933, wakati kazi zilikuwa zimekwisha kila pahali Marekani, yeye na rafiki mumoja walifungua kompani yao ndogo. Hapana pinde zilizowalisha kwanza: walichapa matangazo ya kompani za motokari, na pinde zilikuwa kazi ya pembeni. Polepole ile ya pembeni ikashinda ya mbele. Mwaka wa 1947 alihamisha atelieri yake Grayling, muji mudogo wa Michigan, kando ya muto Au Sable.

Pale ndipo alifanya jambo kubwa la maisha yake. Upinde wa mbao peke yake unachoka, unavunjika, unabadilika kwa baridi na kwa unyevu. Bear alibandika mbao nyembamba katikati ya mabamba ya nyuzi za kioo, kwa gundi kali na moto. Nyuzi zinabeba muvuto, mbao inashika umbo. Upinde ukawa mufupi, mwepesi, wenye nguvu, na zaidi ya yote, kiwanda kiliweza kutengeneza maelfu yanayofanana. Mufanyakazi wa kawaida akaweza kununua chombo ambacho zamani alikipata tu mwenye pesa ya kulipa fundi wake.

Juu ya kuonyesha kama pinde zake zinafaa, aliwinda nazo mwenyewe: dubu wakubwa wa Alaska, simba-milia kule India, tembo kule Msumbiji. Filimu za safari zake zikafika mpaka kwenye televisheni. Alipenda pori, ndiyo, lakini alikuwa pia mufanyabiashara, na kila nyama aliyeanguka aliuza pinde.

Mwaka wa 1968 aliuza kompani kwa kompani kubwa zaidi, yeye akabaki uso wake. Miaka kumi nyuma, kisha mugomo wa wafanyakazi, kiwanda kiliondolewa Grayling na kupelekwa Gainesville, jimbo la Florida. Wale walioishi katika muji wa kompani moja hawahitaji kuelezwa uchungu wa siku ile. Muzee Bear naye alihama na kiwanda. Alikufa Gainesville tarehe 27 mwezi wa ine 1988, na miaka 86.

Sasa, ile pinde ya Grayling ukiikuta sokoni, namna gani kujua bei yake? Wengi wanasoma juu yake neno Canada na mwaka 1953, wanafikiri ndio mwaka ilitengenezwa. Hapana. Ule ni mwaka wa hati ya uvumbuzi, na uliandikwa kwenye pinde hata miaka mingi nyuma. Tokea 1959 kulitiwa sarafu ndogo ndani ya shikio, na rangi yake, ya shaba nyekundu, ya aluminiamu ao ya shaba ya njano, inasaidia kujua wakati. Kwa pinde za 1965 mpaka 1969, tarakimu ya kwanza ya namba ndiyo inasema mwaka: 6 ni 1966.

Lakini sarafu haipigi mushale. Angalia upinde ukiwa umefungwa kamba: kamba ipite katikati ya mikono yote miwili. Kama mukono umejipotosha, ama bamba limeanza kubanduka, ama kuko nyufa karibu na shikio, ama mutu alitoboa matundu, bei inaanguka, na upinde unaweza kukuumiza.

Na ukiwa mzima, uulinde. Uufunge kwa kamba maalum ya kufungia, usiupinde kwa muguu, juu muguu ndio unapotosha mikono. Tumia kamba ya dakroni yenye kujivuta kidogo. Kamba za leo ngumu zinapasua ncha za zamani. Usiuache ndani ya motokari yenye joto, gundi italegea. Na hata siku moja usivute na kuachilia bila mushale: nguvu yote inarudi ndani ya mbao.

Kuko wanaozitundika ukutani, kuko wanaopiga nazo kila juma. Fundi wa Grayling alizitengeneza zipigwe, na mutu wa mushahara mudogo azipate. Anayenunua leo alipe basi kwanza mikono iliyonyooka, halafu jina.